Tochi Isiyoonesha Damu

Kaka yangu alitoa sharti lake tukiwa tumesimama uani kwa mama, huko Katindiuka, mbele ya nyoka aliyekufa. Ilikuwa asubuhi, masika yameshika kasi, na jirani alikuwa ametoka kumuua huyo nyoka kwa jembe muda mfupi kabla hatujafika. Alimkuta amejikunja ndani ya kuni za jikoni. Kuni hizo hizo mama alikuwa amezipekua kwa mkono jioni iliyotangulia, akitafuta zilizo kavu.

"Mama anahamia kwangu," kaka alisema. "Mwezi huu huu."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Jibu si hili hapa limelala?"

Kaka anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, upande wa Kidatu, na anaishi kwenye nyumba yenye umeme kila chumba na choo cha ndani. Ni mkubwa wangu, ni mtu wa huruma, ila huruma yake haina masikio. Mama alitoka jikoni ameshika sufuria ya uji, akasimama kidogo kutusikiliza.

"Nyoka keshakufa," alisema. "Sasa mnanihamisha kwa kuogopa maiti?" Akaingia ndani na uji wake.

Nyumba ile aliijenga yeye na marehemu baba, kwa mpunga wa misimu mingi. Jiko liko nje, choo kiko nyuma ya migomba, na umeme umeishia kwa jirani. Maji yakipanda bondeni, kila kinachotambaa hutafuta pakavu, na pakavu ndiko kwetu. Hayo kaka aliyajua na mimi niliyajua. Lakini nilijua pia kwamba mama akitolewa pale atakuwa mgeni maisha yake yote yaliyobaki, mgeni wa mwanawe wa kumzaa, mtu wa kuomba ruhusa ya kuchemsha maji. Nilimwonea uchungu, na mdomo wangu ukafunguka kabla sijapanga la kusema.

"Tatizo si nyumba, kaka. Tatizo ni kibatari. Nitamnunulia tochi nzuri."

Kaka alimsukuma nyoka kwa ncha ya kiatu, akafikiri.

"Haya," alisema. "Mnunulie tochi ya maana. Ila nikisikia kitu kingine kimemkuta gizani, nakuja na gari, na siku hiyo sitaki mjadala na mtu."

Tukakubaliana hivyo. Mama akatuita tukanywe uji.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu karibu na soko la Ifakara, na wateja wangu watakwambia kwamba nashona vizuri na nasema vibaya. Sina dogo. Mtu akiniuzia zipu mbovu nitamrudishia mbele ya watu, na nitahakikisha hao watu wanasikia. Kwa hiyo nilipoingia sokoni kutafuta tochi sikwenda kama mtu anayenunua sabuni. Nilikwenda kama mtu anayetafuta wakili.

Na tochi zilikuwa tele. Ziko za plastiki zenye vitaa vidogo vingi kama punje za mtama. Ziko za chuma, nzito, unaweza kumvunjia mwizi taya. Ziko za kuvaa kichwani ambazo wavuvi wa mtoni wanazipenda kwa sababu mikono inabaki huru, ziko zenye redio ndani, ziko zenye kioo cha sola mgongoni. Kila muuzaji anaapa kwamba ya kwake inamulika kutoka pale hadi milima ya Mahenge. Niliwaambia mama yangu hana shida ya kuiona Mahenge. Anataka kuona miguu yake, kuni zake na mlango wa choo. Nilitaka mwanga unaotawanyika karibu, siyo ule mwembamba unaokwenda mbali ukatoboa giza la watu wengine. Nilitaka swichi ya kubonyeza kwa kidole chenye unga. Nilitaka chaji inayodumu, maana kuchaji ni mpaka kwa jirani. Na nilitaka bei ambayo fundi wa sketi za shule anaiweza.

Nikapata ya plastiki, ya kuchaji, nyepesi, ya njano. Sikumwamini muuzaji. Niliingia nayo chini ya meza ya cherehani, nikajifunika kitambaa cheusi cha suti ya mteja, nikawasha. Niliona kila uzi uliodondoka sakafuni, na sindano niliyokuwa nimeipoteza. Nikampelekea mama siku hiyo hiyo, nimejaa sifa.

"Nyepesi, asante mama," aliniambia. Ananiita mama akiwa amefurahi. "Inashikika vizuri."

Nilipokwenda tena Jumapili, tochi ilikuwa imetundikwa msumarini na kibatari kinanuka mafuta.

"Mbona huitumii?"

"Naitumia. Ila mwanga wake mchache."

Niliiwasha. Mimi niliuona mwanga wa kutosha, lakini nikajisemea hizi bidhaa za siku hizi zinaanza na makeke zinaishia na aibu, labda imeshachoka. Kesho yake nilimvaa muuzaji. Nilimwambia ameniuzia mbuzi kwenye gunia. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kidevuni, mpole hadi anaudhi. Aliiwasha tochi ile mbele ya watu waliokwisha kusimama kuona ugomvi.

"Dada, si hii inawaka?"

"Inawaka kwako. Kwa mama yangu haiwaki."

Watu walicheka. Alinibadilishia, nikaongeza kidogo, nikaondoka na ya chuma ya betri kubwa. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaisifu uzito. Siku chache zilizofuata akasema imefifia. Nikanunua betri mpya. Akasema afadhali. Kisha akasema hata hizo betri nazo hazina nguvu, na kwamba zamani betri zilikuwa betri.

Nikakumbuka kuwa mama ana kipimo chake cha tochi, na kwamba kosa langu ni kununua bila kipimo hicho.

Tulipokuwa wadogo, msimu wa mpunga ukifika, familia nzima ilihamia shamba na kukaa huko hadi mavuno. Wengi wa bondeni wanafanya hivyo hata leo. Unafunga mlango wa nyumba, unabeba vyungu, kuku na watoto. Shambani tulikuwa na dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ili maji yapite chini na macho yapite juu. Baba na mama walipokezana kulinda humo. Nguruwe pori walitoka upande mmoja, viboko upande wa mto, na silaha ilikuwa debe la kupiga na tochi ya kumulika. Debe bovu lilivumilika. Tochi mbovu maana yake ni kuamka na kukuta jaruba zima la mpunga limelazwa.

Kwa hiyo baba alipokwenda kununua tochi alikwenda na mama, na mpimaji alikuwa mama. Aliwasha, akaziba kioo chake kwa vidole vinne vilivyobanwa, akainamisha kichwa kutazama. Vidole vikigeuka vyekundu, nyama yote ikawaka kama kaa, alisema, "Inaonesha damu," na baba alitoa hela. Mwanga ukitokea pembeni tu ya vidole, tochi ilirudi kwenye kasha. "Kama haipiti kwenye kidole," alikuwa akisema, "itapitaje kwenye mpunga uliosimama?" Sisi watoto tuligombea kuishika tukifika nyumbani, tukaziba kioo na kutafuta mifupa ya mikono yetu. Mpaka leo wakulima wengi ninaowajua wanapima tochi hivyo hivyo, na wauzaji wa Ifakara wameshazoea kuona mtu mzima amekumbatia tochi akikodolea mkono wake.

Nilitaka kumpeleka sokoni akapime mwenyewe, ila msimu ulikuwa umefika wa kazi yake. Tangu baba afariki, mama hulipwa kupeta na kuchambua mchele wa watu kwenye mashine ya kukoboa. Kazi ile ina sifa na ina vumbi. Kwenye mashine, pumba zinaruka kutwa nzima, zinakaa kwenye nywele, zinaingia kwenye nguo, na zinaingia machoni. Ndiyo maana kwetu jicho likiwasha jibu ni pumba. Likitoa machozi, pumba. Likiona ukungu, pumba. Tunaosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mwenye uwezo ananunua dawa ya matone dukani, kisha tunasubiri msimu uishe. Hatujui ugonjwa mwingine wa macho katika miezi ile, na ukianza kuutaja utaonekana unajitafutia makubwa.

Mama alikuwa akifikicha macho. Nilimuuliza, akasema, "Pumba tu hizi. Zitaisha na msimu." Nilimletea matone, nikamwambia ajifunge kitambaa usoni. Msimu uliisha. Mashine zikanyamaza, vumbi likalala, na mama bado alisema pumba.

Jumapili moja niliuma jiwe kwenye wali wake. Lazima nieleze jambo hili lina maana gani. Mchele uliochambuliwa na mama yangu huwezi kukuta jiwe. Wenye hoteli mjini walikuwa wanauliza kwanza kama yeye ndiye aliyeuchambua kabla ya kutaja bei. Nilishika lile jiwe kwa ulimi, nikaingiwa na hofu ambayo sikuweza kuipa jina, nikalimeza badala ya kulitema mbele yake. La pili liligonga jino kwa sauti.

"Tochi yako hiyo," mama alisema bila kuinua uso. "Nilichambua jioni."

Nilikasirika. Si kwa mama, kwa tochi. Nilikasirika kwa sababu kaka alikuwa akipiga simu kila wiki, na kila wiki swali lilikuwa lile lile, mama anaendeleaje na giza, nami nilikuwa nimeshasema tochi nzuri ipo, anamulika hadi kwenye migomba. Nilikuwa nimeishika nyumba ya mama kwa maneno tu, na maneno yalianza kuniponyoka.

Siku ya soko nikamchukua. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Toka tuliposhuka kwenye bodaboda alinishika mkono juu kidogo ya kiwiko, nikadhani ni kwa sababu ya umati. Muuzaji wangu wa mvi za kidevuni alitupokea kabla sijafungua mdomo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Habari za biashara?"

"Nzuri tu. Kumbe huyu ndiye binti yako? Alitaka kunifungia duka."

"Msamehe," mama alisema. "Huyu alizaliwa msimu wa siafu."

Walicheka wote wawili, na mimi nikacheka. Nilifurahi kumsikia anatania. Muuzaji akaingia ndani, akatoka na tochi ambayo hakuwa ameniwekea mezani siku zote zile, nyeusi, kichwa kipana. Alisema walinzi wa maghala ya mpunga ndiyo wanayoichukua, na bei yake haipishani sana na ile ya chuma. Tukasogea nyuma ya rafu, penye kivuli, akaiwasha. Nilipoitazama tu macho yalinitoka machozi.

"Mpe mama aipime," nilisema.

Mama aliipokea, akabana vidole vinne, akaziba kioo, akainamisha kichwa kama nilivyomwona akifanya tangu sijui kusoma. Vidole viliwaka. Viliwaka hadi kwenye maungio, vyekundu kabisa, na ndani yake kivuli cha mifupa. Mimi niliona. Muuzaji aliona, akatabasamu, akaanza kuvuta kipande cha gazeti cha kufungia.

Mama alisogeza mkono karibu na uso. Akaugeuza kidogo kulia, kidogo kushoto. Tulimsubiri.

"Hapana," alisema. "Hii nayo haioneshi damu."

Muuzaji aliniangalia. Mkono wa mama ulikuwa bado unawaka katikati yetu.

"Labda betri, mama," muuzaji alisema taratibu. "Nipe niweke nyingine." Akaichukua, akaizima, akatupa mgongo. Nilimwona akifungua kifuniko na kukifunga tena, betri zile zile. Alikuwa anatafuta muda tu, kwa ajili yangu au kwa ajili yake. Kisha akamrudishia mama tochi. Alikuwa amechanganyikiwa. Alisahau kuiwasha.

Mama akabana vidole, akaziba kioo. Vidole vyake vilikuwa vidole tu, vyeusi, vyenye mikunjo, vya mtu aliyepeta mchele miaka mingi.

"Ee," alisema kwa sauti ya furaha. "Hii sasa ndiyo. Ona damu hiyo."

Nililipa. Muuzaji alipunguza bei bila kuombwa na hakunitazama tena usoni. Tukatoka, mama amenishika mkono juu ya kiwiko, akisema tumepata tochi ya maana mwishowe. Nilitembea naye hadi penye kivuli cha ukuta wa ghala ndipo nikaweza kuzungumza.

"Mama, twende hospitali wakakuangalie macho."

"Kwa ajili ya pumba?"

"Ndiyo, kwa ajili ya pumba."

Alikaza mkono wake juu ya kiwiko changu. "Basi twende," alisema.

Hospitalini walimfunika jicho moja, wakamfunika la pili, wakamwonesha herufi, kisha vidole, kisha mwanga. Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye subira. Alitueleza kwa Kiswahili chepesi. Ni presha ya macho. Jicho la kulia limeshakufa, la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakirudi, hata kwa upasuaji. Yapo matone ya kutia asubuhi na jioni, maisha yote, ili hicho kilichobaki nacho kisiende. Alisema watu wengi wa huku humfikia wamechelewa, kila mmoja ameshasubiri pumba zitoke.

"Mama, hali hii imeanza lini?" daktari aliuliza.

Mama alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani.

"Kabla ya nyoka," alisema.

Daktari hakuelewa, akaandika kitu. Mimi nilielewa.

Tukakaa kwenye benchi la nje kusubiri dawa. Nilikuwa na hasira, sifichi, hasira ya kutaka kumtikisa mama yangu mzazi. Nilimuuliza kwa nini aliniacha nizunguke soko zima, nigombane na watu, nibebe tochi kama mwehu, na huku anajua.

"Wewe ndiye uliyesema kibatari," alijibu. "Siku ile uani. Kaka yako alikuwa ameshaniona mzigo wa kupakia. Wewe ukasema tatizo ni kibatari. Nikashukuru Mungu, nikasema kumbe bado yupo mmoja anayeniona mzima. Ningekuambia nini tena?"

"Ungeniambia ukweli."

"Halafu ungenitetea kwa lipi?"

Nilimuuliza anakwendaje chooni, anapikaje, anachotaje maji. Akashangaa, kama vile nimemuuliza anapumuaje.

"Pale kwangu? Si napajua. Mlango, mgomba wa kwanza, mgomba wa pili, ukuta. Jiko nalijua kwa joto. Ndoo haijawahi kuhama."

"Na nyoka?"

"Nyoka yule hata wewe usingemwona," alisema. "Alikuwa ndani ya kuni."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake uliniudhi zaidi. Kisha akanishika mkono. Akaniomba nisimwambie kaka, si sasa, tujaribu kwanza na matone. Nikakubali. Nikahamishia godoro langu Katindiuka. Jioni namtia matone, nalala, alfajiri namtia matone, naenda kazini. Niliwabana jirani wamchungulie mchana. Kaka akipiga simu nilisema mama mzima, na mama alikaa pembeni akitikisa kichwa kukubali. Tuliishi hivyo muda, na nathubutu kusema tulifurahi. Sikuwa nimelala chini ya paa moja na mama tangu nilipokuwa msichana. Alinifundisha kuichukua ndoo bila kutazama. Alinicheka nilipojigonga.

Lakini kazini sindano ilinichoma mara kwa mara. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo karibu na kibanda changu nilidhani imeniletea habari. Na siku moja ilikuwa kweli imeniletea.

Jua lilikuwa utosini, mchana mweupe, uani hapana hata kivuli. Mjukuu wa jirani alikuwa ameingia jikoni kuomba moto, akasogeza sufuria ya maji yanayochemka ili apate nafasi, akaondoka na kaa lake kwenye kigae. Hakukosea kitu, kila mtoto hufanya hivyo. Mama aliporudi jikoni sufuria haikuwa mahali pake. Akaipamia, maji yakamshukia kwenye mguu, kuanzia goti hadi vidoleni.

Jirani alimpigia kaka kabla ya kunipigia mimi. Nilimkuta mama ameshapakwa dawa zahanati, amekaa kwenye mkeka, amenyoosha mguu uliofungwa. Simu ya kaka iliita nikiwa mlangoni.

"Shikamoo kaka."

Hakuitikia. "Imetokea gizani?" aliuliza.

"Hapana."

"Saa ngapi?"

"Mchana. Jua kali."

Nilimsikia akijaribu kuelewa. "Mchana? Sasa mchana maji yanamwagikaje? Na tochi ya nini basi uliyonunua?"

Mama alikuwa amegeuza uso upande wangu, ule upande wenye bomba lake dogo la kuonea. Sijui kama aliniona. Hakunionesha ishara yoyote, hakutikisa kichwa.

"Haoni, kaka," nilisema. "Mama haoni."

Kaka alikuja na gari kama alivyoahidi, na kama alivyoahidi hakutaka mjadala, ila hakuwa na haja ya kuukataza. Hakuna aliyejadili. Alipiga magoti mbele ya mama, mwanaume mzima, akalia akimshika ule mguu ambao haukuungua, akiuliza kwa nini hakuambiwa. Mama alimpapasa kichwani akasema nyamaza baba, si umeshakuja. Nilifunga nguo zake. Jirani walikuja kuaga, kila mmoja kaleta kitu, mchele, karanga, kuku. Mama alimtambua kila mmoja kabla hajasema jina.

Mama alipotoka mlangoni, kaka alitaka kumshika. Mama akausukuma mkono wake. Alivuka ua peke yake na mguu wake uliofungwa, akazunguka ndoo, akapita katikati ya mgomba wa kwanza na wa pili akaenda chooni, akarudi, akapita jikoni kugusa mafiga kama yamepoa. Hakusita hata mahali pamoja. Alikwenda hivyo hadi ukingo wa barabara, mahali ambapo ua wetu unaishia. Hapo akasimama, akanyoosha mkono hewani, akangoja tumshike.

Sasa yuko kwa kaka. Nimekwenda mara moja, basi likapita Mang'ula mvua ikinyesha, nikamkuta amewekwa kwenye kiti kizuri sebuleni. Wifi yangu ni mtu mwema, sitamsingizia. Anampikia, anamwogesha, anamshika mkono kwenda chooni, choo ambacho kiko hatua chache tu kutoka kitandani. Anasogeza vitu vyote ili mama asijikwae, na kila siku vitu vinakaa mahali tofauti. Usafi ni wa hali ya juu. Mama alikuwa na alama mpya kwenye paji la uso na alisema ni mlango, milango ya huku inafunguka kwa nje.

Matone anatiwa kwa wakati. Mguu umepona. Ameongezeka mwili kidogo. Kila ninachokitafuta ili nigombane na mtu sikipati, na hilo linanitesa kuliko ugomvi.

Juzi nilimpigia jioni. Nilimuuliza habari za huko, akasema nzuri, watu wote wanamheshimu. Akanieleza kwamba kaka ameweka taa mpya kubwa nje, na nyingine kwenye korido, na nyingine juu ya kitanda chake, kwa ajili yake.

"Wageni wote wakiingia wanasifu," alisema. "Wanasema humu ndani usiku ni kama mchana."

"Hiyo nzuri, mama."

"Nzuri." Akakohoa kidogo. Nilisikia televisheni nyuma yake, na mtu akiburuta kiti. "Lakini kwangu, mwanangu, kwangu nilikuwa naona."

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha mteja chini ya sindano, nikakiachia. Nilimuuliza kama ameshatiwa matone ya jioni. Akasema ameshatiwa.